Akikujibu, Utamchapa?

Wanangu mnaokwenda kuripoti vituo vya kazi, ambao kwa mara ya kwanza mtaitwa mwalimu na watu wenye umri wa wazazi wenu, nina neno nanyi kabla hamjafungua mabegi. Sitagusa maazimio ya kazi wala maandalio ya somo. Hayo mmefundishwa chuoni, na wathibiti ubora watakuja kuwakumbusha. Nataka kusema juu ya kile kisichoandikwa kwenye andalio lolote: neno linalokutoka ukiwa umegeukia ubao, kauli unayomtupia mtoto unapomrudishia daftari, kijembe unachorusha mstarini asubuhi kwa kuwa umeona kola imepauka. Neno la kupita tu. Jioni ukiulizwa ulisema nini, hukumbuki.

Mzazi anapolileta neno hilo ofisini kwa mwalimu mkuu, na mara nyingi huja nalo kwa jazba, mabishano huchukua njia mbili zilezile. Walimu watasema mwenzao alikuwa anatania, na kwamba watoto wa siku hizi wamelegea. Mzazi atasema mwalimu hana ruhusa ya kutania, afundishe kilichomleta na aondoke. Nimekaa kwenye vikao hivyo, na siko upande wowote kati ya hizo mbili. Darasa ambalo mwalimu hatanii kamwe ni darasa la woga, na mtoto mwenye woga haulizi swali. Lakini kuna utani na kuna kitu kingine kinachovaa nguo za utani. Vijana wengi hawajaonyeshwa tofauti yake, kwa sababu sisi wakubwa wao tulidhani wanaijua tayari.

Sisi ni watu wa utani, hatuna haja ya kufundishwa na mtu. Mzaramo akifiwa, mtani wake Mnyamwezi atafika msibani ajilaze mlangoni, jeneza lisitoke mpaka alipwe. Atamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea na alivyokuwa akikwepa madeni, na wafiwa watacheka machozi yakiwatoka. Wahehe na Wangoni walichinjana katika karne ya 19, leo wanaitana majina ambayo nikiyaandika hapa mhariri atayafuta, na hakuna anayekasirika. Nyumbani nako, bibi anamwita mjukuu wake wa kiume mume wangu, anamlaumu kwamba mwaka umeisha hajaleta hata kitenge. Mjukuu anamjibu kwamba amezeeka, hapiki tena vizuri, na yeye yuko mbioni kutafuta mke mwingine. Bibi anacheka mpaka anashika kifua.

Utani huo una mpangilio wake ambao haujaandikwa popote. Anayetaniwa anajibu, tena anatakiwa ajibu, asipojibu wataulizana kama anaumwa. Leo nimekuanza mimi, kesho utanianza wewe. Na juu ya hapo mtani ana deni: yule anayekucheka msibani ndiye huyohuyo anayechimba kaburi la baba yako na kuwachotea maji waombolezaji. Amelipia haki yake ya kukucheka. Ukiondoa jibu na ukaondoa deni, unabaki na mtu mmoja anayecheka na mwingine anayechekwa, na hilo kwa watu wa pande zetu halijawahi kuitwa utani.

Basi kabla hujamwambia mwanafunzi neno unaloliita utani, jiulize: akinijibu kwa neno linalolingana na hili, nitafanya nini? Umemwambia mbele ya wenzake kwamba kichwa chake kikubwa bure. Je, akikuambia na wewe kitambi chako kikubwa bure, utacheka? Au utamwita jeuri, umpigishe magoti nje na kumwandikia mzazi wake barua? Kama utamchapa, hukuwa unatania. Ulikuwa unatumia cheo. Nawajua walimu wachache sana, hodari kwelikweli, ambao mwanafunzi akiwarudishia wanakubali pigo na darasa linaendelea. Hao watanie wanavyotaka, haki hiyo wanayo.

Nilikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu, na kazi yangu mojawapo ilikuwa kukaa nyuma ya darasa, kwenye dawati la mwisho, magoti yakigonga ubao wa dawati, nikiwaangalia wanachuo walio kwenye mazoezi ya kufundisha. Kuna kijana mmoja, mwandiko mzuri, zana za kufundishia amezitengeneza mwenyewe kwa maboksi, sauti inafika nyuma. Somo la kusoma, darasa la tatu. Watoto wanasoma kwa zamu, aya moja moja, dawati hadi dawati. Ikamfikia mvulana mmoja mwenye kigugumizi. Akakwama kwenye neno, akarudia silabi ile ya kwanza mara kadhaa, shingo imemkakamaa. Yule kijana, bila ubaya wowote usoni, akasema: "Vipi, redio imeisha betri?" Darasa likaanguka kicheko. Yeye mwenyewe akatabasamu, akamwambia mtoto akae, akaendelea na anayefuata. Lilichukua muda mfupi kuliko unavyolisoma hapa.

Niliporudi kumwangalia tena, somo lilikuwa lilelile na utaratibu uleule wa zamu. Macho yangu safari hii yalikuwa kwa yule mvulana. Kitabu kilikuwa wazi mbele yake lakini hakuwa akikitazama. Alikuwa akitazama visogo vya waliomtangulia, midomo ikicheza kidogo. Alikuwa anahesabu. Walipobaki wawili akanyoosha mkono, akaomba ruhusa kwenda chooni, akapewa. Alirudi zamu ya kusoma ilipokwisha kuuvuka mstari wake, akaketi, akafunika kitabu. Mwalimu hakuona chochote, kwa sababu hapakuwa na fujo ya kuona. Mtoto alikuwa na nidhamu nzuri kabisa. Alikuwa tu ameacha kusoma, na kwa hesabu zake safi za kutoa na kujumlisha angeweza kuendelea hivyo mpaka darasa la saba.

Baada ya kipindi nilimweleza yule kijana nilichokiona. Alishangaa kwa dhati. Neno la redio hakulikumbuka mpaka nilipomsomea kutoka kwenye daftari langu.

Sasa msije mkasema mzee anataka madarasa ya kimya. Katika shule hiyohiyo palikuwa na mama mmoja wa hesabu, amekula chumvi kazini, aliyekuwa akipita kwenye madawati na kalamu nyekundu. Akafika kwa msichana aliyeandika 7 iliyolala chali, akainama, akaitazama ile namba kwa huruma kubwa, akauliza, "Huyu saba wako amechoka? Amelala njaa?" Msichana akacheka, akafuta, akaisimamisha. Na mwenzake wa pembeni, ambaye hakuulizwa, akafuta saba zake zote tatu. Huo nao ni mzaha wa mwalimu kwa mwanafunzi, umesemwa bila kufikiriwa, mbele ya watu. Lakini aliyechekwa ni ile saba. Mtoto alikuwa upande wa wanaocheka. Kosa liko kwenye karatasi na linafutika. Kigugumizi hakifutiki kwa raba, wala rangi ya ngozi, wala moshi wa kuni ulioganda kwenye sweta la mtoto anayepika uji wa wadogo zake kabla ya kuja shule, wala kazi ya mama yake anayeuza vitumbua getini.

Hapo kwa mama wa vitumbua naomba mtulie kidogo. Mambo ya nyumbani kwa mtoto ndiyo yanayotoka mdomoni kwa urahisi kuliko yote, kwa sababu katika mtaa au kijiji mwalimu anazijua nyumba zote. "Baba yako mwenyewe alimaliza hajui kusoma." "Kaka yako alikuwa na akili, wewe umefuata wapi?" Hili la kaka walimu hulisema kama sifa kwa ukoo, na wanashangaa mtoto anaponuna. Ukimsema mtoto kuhusu kazi yake ya jana, ana la kufanya: atairudia leo. Ukimsema kuhusu baba yake, afanye nini? Atachagua kati ya mwalimu na baba, na akichagua vizuri, yaani akimchagua baba yake, wewe umekwisha kumpoteza.

Na kicheko cha darasa kisiwadanganye. Watoto hucheka mwalimu anapotaka wacheke, nusu yao hawajaelewa hata kilichosemwa. Wanachokielewa vizuri ni kwamba fulani ameruhusiwa kuchekwa. Ikifika saa nne, wakati wa uji, lile neno limekuwa jina. Jina alilotoa mwalimu hunata kama ulimbo, maana wenzake wakilitumia hana wa kumshtakia: aliyelianzisha ndiye hakimu. Nimekutana na watu wazima, wana wajukuu, ambao huko kwao bado wanaitwa kwa jina lililotungwa na mwalimu wa darasa la pili aliyekwisha kufariki.

Serikali yetu ya Tanzania imeihesabu fimbo. Kanuni za mwaka 1979 ziliruhusu viboko visivyozidi sita. Mwaka 2002 vikashushwa hadi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viandikwe kwenye daftari: nani, kwa kosa gani, vingapi. Sisemi shule zote zinafuata hayo, mnajua na mimi najua. Wala sisimami hapa kuitetea fimbo, mimi ni katika wanaotaka iondoke. Nasema tu kwamba fimbo ina daftari na ina kikomo. Ulimi hauna daftari. Mwalimu ambaye hajawahi kumgusa mtoto kwa kiboko anaweza kwenda nyumbani kila jioni akijiona mpole, kumbe amepiga darasa zima tangu asubuhi.

Sheria nayo imo, kwa mbali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumfanyia mtoto matendo ya kikatili, yasiyo ya kiutu au ya kumdhalilisha. Majirani zetu Kenya wamekwenda wazi zaidi: kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza mateso ya mwili na ya kisaikolojia pia, na anayekivunja anaweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000 za huko, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Lakini hakuna hakimu, huku wala huko, atakayemwita mwalimu mahakamani kwa sababu ya betri za redio. Jambo lile ni dogo mno kwa sheria. Limeachwa mikononi mwenu.

Kuna neno la kupita ambalo mimi naliogopa kuliko dhihaka, nalo ni ushauri wa huruma. Oktoba 1964 alifika Dar es Salaam Mmarekani mmoja mweusi, mrefu, mwenye miwani, akaonana na Mwalimu Nyerere. Wakati huo dunia nzima ilimjua kwa jina la Malcolm X. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1965, baada ya kuuawa, ameeleza siku moja ya utoto wake katika mji mdogo wa Mason, jimbo la Michigan. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi bora wa darasa, wenzake weupe walikuwa wamewahi kumchagua kiongozi wao. Mwalimu wake wa Kiingereza akamuuliza anafikiria kufanya kazi gani. Akajibu angependa kuwa mwanasheria. Mwalimu hakukasirika wala hakumcheka. Alitabasamu, akamweleza kwa upole kwamba kwa mtu wa rangi yake hilo halitazamiki, tena akatumia lile neno la kuwadharau watu weusi kana kwamba ni neno la kawaida. Akamshauri useremala, kwa kuwa mikono yake ilikuwa mizuri kwa kazi hiyo. Malcolm mwenyewe anasema mwalimu yule alikuwa akimpenda na hakuwa na nia mbaya. Lakini aligundua kwamba wenzake weupe waliokuwa na alama za chini kuliko zake walitiwa moyo kwa chochote walichotaja. Tangu hapo akaanza kujitenga, na mwaka wa masomo ulipokwisha akaenda Boston kwa dada yake. Yaliyofuata huko ni mitaa, wizi na gereza, kabla hajasimama tena.

Simlaumu yule mwalimu kwa yote hayo, maisha ya mtu yana sababu nyingi, na baba yake Malcolm alikuwa amekufa na mama yake yuko hospitali ya wagonjwa wa akili. Lakini tazameni kilichofanyika pale. Mwalimu alichukua ukuta uliojengwa na wengine akamwonyesha mtoto kwamba ndio mwisho wa dunia, na akaliita jambo hilo msaada. Sisi tunalifanya kila siku kwa lugha yetu. "Sayansi wewe msichana itakusumbua, nenda sanaa." "Mwanangu, wewe VETA inakufaa." Vyuo vya ufundi vya VETA ni pahali pazuri, fundi umeme mzuri anakula vizuri kuliko wengi wetu wenye chaki. Ubaya uko kwenye kumpangia mtoto njia kabla hujamuuliza anataka kwenda wapi, tena kwa sauti ya kumliwaza, ili asiweze hata kukasirika. Dhihaka humkasirisha mtoto, na hasira ina nguvu ndani yake. Huruma ya namna hii humwacha akushukuru.

Najua mtanijibu nini, maana nimelisikia kwenye kila mahafali niliyoalikwa. Mgeni rasmi anasimama, suti imemkaa, anawaambia wahitimu: mimi mwalimu wangu aliniambia sitafika popote, na leo nimefika hapa na gari la serikali. Makofi. Walimu nao wanapiga makofi, kana kwamba ile ilikuwa mbinu ya kufundishia. Uingereza wana wa kwao: John Gurdon, mwanafunzi wa Eton, mwaka 1949 aliandikiwa ripoti ya biolojia kwamba wazo lake la kuwa mwanasayansi ni upuuzi. Alikuwa wa mwisho kati ya wavulana 250. Mwaka 2012 akapata Tuzo ya Nobel ya tiba, na ile ripoti alikuwa ameitundika ofisini kwake. Hadithi nzuri. Lakini waliolisadiki neno la mwalimu hawaalikwi kuwa wageni rasmi. Hao wako nje ya uzio wa shule siku hiyohiyo, wanauza maji ya kunywa. Ukitaka kujua neno la mwalimu linafanya nini, usimuulize mmoja aliyelishinda akiwa jukwaani.

Wengine watanirudisha jandoni. Watasema, mzee, si mlitukanwa na kuimbiwa nyimbo za kuwafedhehesha, mkatoka wanaume? Tulitukanwa, ndiyo. Lakini jandoni tulitukanwa wote sawa, mtoto wa mjumbe na mtoto wa maskini, nyimbo zikiwa zilezile walizoimbiwa baba zetu. Kila mwari alikuwa na kungwi wake wa kumshika mkono usiku. Na siku ya kutoka matusi yaliachwa kulekule, tukavikwa nguo mpya na kuchezewa ngoma. Darasani anatukanwa mmoja, kwa tusi lililoshonwa kwa kipimo chake, hana kungwi, na siku ya kutoka hajatangaziwa.

Mtakutana pia na wasichana ambao zamani msingewakuta. Tangu Novemba 2021, kwa waraka wa Wizara ya Elimu, msichana aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi. Fikirini anavyorudi. Amemwacha mtoto kwa mama yake, amenyonyesha alfajiri, amevaa sketi ileile iliyofunguliwa pindo, amepita mbele ya maduka ambako watu wote wanajua. Anaingia getini. Mwalimu wa zamu, mtu mcheshi, anampisha njia kwa madoido na kusema, "Shikamoo mama!" Ni salamu tu. Haina hata tusi moja, ukimshtaki kwa Mwalimu Mkuu atashangaa, tangu lini shikamoo ikawa kosa? Lakini wote waliokuwa pale wameelewa, na kuanzia siku hiyo binti yule ni mama wa darasa. Waraka wa Wizara hauwezi kumlinda mbele ya salamu ya namna ile. Mwalimu anaweza, kwa kumwita jina lake la kwenye rejista, kama mwanzo.

Walio na vituo vya sekondari, Kidato cha Kwanza ndicho chenu cha kuchunga. Mtoto amesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, amefaulu, amenunuliwa sanduku. Januari anaambiwa ajibu biolojia kwa Kiingereza. Anasimama, anaunga maneno, anakosea. Ukimrudia matamshi yake kwa sauti ya puani ili darasa licheke, umemfundisha kwamba njia salama ni kukaa kimya. Mtakuja kulalamika ofisini kwamba watoto wa shule za kata hawachangii darasani.

Kwa nini hutoka, maneno haya, kwa watu ambao hawakuwa na nia mbaya? Uchovu, mara nyingi. Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 wengi wenu mtaingia madarasa yenye mara mbili ya hapo na zaidi, madaftari ya kusahihisha yanafika kiunoni. Nyumba ya mwalimu inavuja. Kupanda daraja kumechelewa. Nayaelewa yote na nimeyaishi. Lakini mtoto wa dawati la mbele hakukunyima daraja, na kama una neno la kumwambia Afisa Elimu, kamwambie Afisa Elimu.

Na simu zenu. Unapiga picha jibu la mtihani la mtoto aliyeandika kituko, unalitupa kwenye grupu la walimu, linachekwa, linatoka, linazunguka nchi nzima na jina lake likionekana pembeni. Hata hukumwambia mtoto neno. Hili halina udhuru wa kuponyoka, maana simu uliitoa mfukoni, ukaifungua, ukalenga. Liacheni.

Na likikutoka? Litakutoka, wewe ni mtu. Walimu wengi humwita mtoto ofisini baadaye, wakampa peremende au daftari jipya, mambo yakaisha kimyakimya. Hiyo ni nusu ya njia. Neno lilisemwa mbele ya darasa, na darasa bado linalo. Nimewahi kushuhudia mwalimu mmoja wa kike, mkali wa kuogopwa, akianza kipindi hivi: "Jana nilimwambia Hawa neno ambalo halikufaa. Si kweli, na nisisikie mtu analirudia. Fungueni ukurasa wa thelathini na mbili." Ikaisha hapo. Hakulia, hakueleza, hakumsimamisha mtoto apokee radhi kama zawadi ya mahafali. Mimi nilitazamia watoto wapunguze kumwogopa. Hawakupunguza. Ila yule Hawa, siku ile, alinyoosha mkono kabla kipindi hakijaisha.

Mwisho ni ripoti za mwisho wa muhula. Mtapewa rundo, muda mfupi, na kuna mstari umeandikwa Maoni ya Mwalimu wa Darasa. Hapo ndipo walimu huandika neno moja moja mpaka mkono unachoka: mzito, mzembe, hana juhudi. Mnaona ni karatasi tu. Kumbukeni zinakokwenda. Katika nyumba nyingi mtoto anaishi na bibi, na bibi hasomi. Ripoti ikifika, anayemsomea ni mtoto mwenyewe. Anasimama mbele ya bibi yake, anajisomea hukumu yake kwa sauti, mzito, na bibi anauliza maana yake nini, mwalimu anataka tufanyeje. Mtoto hana la kumwambia, kwa sababu mwalimu hakusema. Andikeni kitu ambacho bibi huyo anaweza kukitumia. Andikeni: ajizoeze kugawanya kwa namba zenye tarakimu mbili, maswali matano kila jioni. Bibi hajui kugawanya, lakini kuhesabu mpaka tano anajua, na kila jioni akimaliza kula ataomba kuyaona.